Kanga Nyekundu Ilikuwa Kambani, Mama Yangu Sakafuni

Nina miaka arobaini na saba. Ni mke wa mtu, mama wa watoto watatu ambao wote wameshajitegemea, na mkulima wa mpunga hapa Ifakara. Majirani wananiita Mama Deo. Tangu mwaka juzi wapo wanaoniita majina mengine, ila hayo wanayasema nikishapita!

Naandika haya nikiwa bado na hasira, nisimdanganye mtu. Najua wapo wanaotegemea nianze kwa machozi na toba... Machozi yatakuja. Lakini kwanza nataka mjue nilichofanyiwa, kisha mjue nilichofanya, halafu mnihukumu mnavyotaka.

Mama yangu, Bibi Felista, alikuwa na miaka themanini na moja wakati huo. Baba alishafariki siku nyingi. Mama aliishi peke yake katika nyumba aliyoachiwa na baba, mtaa wa Viwanja Sitini. Mimi na mume wangu tunakaa upande mwingine wa mji, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Kaka yangu Damasi ana mji wake Sanje.

Mara ngapi tulimbembeleza mama ahamie kwa mmoja wetu? Hakutaka hata kusikia!

"Nikija kwenu nitakuwa mgeni," alisema. "Hapa hata gizani najua kikombe kiko wapi."

Miezi mingine haikuwa shida, kwa sababu nilipita kwake kila siku. Shida ilikuwa msimu wa ndege. Mnaolima bonde hili mnanielewa. Mpunga ukianza kuweka maziwa, kwelea kwelea wanashuka kwa maelfu, na usipohamia shambani utavuna majani matupu. Shamba letu liko ng'ambo ya mto, mbele ya Lupiro. Msimu huo ukifika tunafunga nyumba ya mjini, tunakaa kwenye kibanda wiki sita, saba. Tunashinda juu ya dungu, jukwaa letu la miti, tangu alfajiri mpaka jua linazama, tukipiga madebe na kupiga kelele mpaka sauti zinakauka. Zamani mama tulihama naye. Mwaka ule magoti yake yalikataa, na macho nayo yakaanza kumdanganya.

Msinione mtoto asiyejali. Nilifanya kila nilichoweza kukifikiria. Nilifunga kamba nene kutoka mlango wa uani hadi chooni ili awe anaishika akitembea. Nilishusha vyombo vyote kutoka juu, nikavipanga chini. Nilimnunulia simu ndogo ya vitufe vikubwa, siku ya tatu akaidumbukiza kwenye ndoo ya maji! Nikamnunulia nyingine. Hiyo akaifungia kabatini, akasema inamtisha ikilia.

Ndipo nikamfikiria Mama Skola.

Huyu alikuwa jirani wa mama, ukuta kwa ukuta, na katikati ya nyua zao palikuwa na ua wa michongoma wenye upenyo. Kupitia upenyo ule walipeana chumvi na moto kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa mjane, amekaribia miaka sabini, na binti yake Skola ameolewa Malinyi. Mimi nilikuwa namwita mama mdogo. Amenibeba, amenichapa, amenisuka nywele siku ya kipaimara changu. Kama kuna mtu wa kumkabidhi mama yangu, nilisema, ni huyu.

Nilikwenda kwake na mkungu wa ndizi. Nikampigia magoti, "Shikamoo mama mdogo," nikamweleza shida yangu. Akaniambia niende shambani nikatulie, mama yangu ni dada yake.

Tukakubaliana hivi. Kila asubuhi mama akiamka salama ataanika kanga yake nyekundu kwenye kamba ya nguo, pale uani. Mama Skola ataiona hata akiwa kwake jikoni. Akiiona ajue mama kaamka vizuri. Asipoiona akimbie. Juu ya hayo, ataingia kila siku kumpikia uji, na jioni mimi nitampigia simu.

Kanga ilikuwa akili yangu mimi. Nilijisifia sana kwa mume wangu. Mkumbuke hapo.

Shambani kwetu simu haishiki mpaka upande juu ya kichuguu kimoja kikubwa karibu na mfereji. Kila jioni nilipanda kichuguu kile na miguu yangu yenye matope, nikampigia. Na kila jioni Mama Skola alinijibu vizuri. Kanga ipo. Mama mzima. Kala. Kanisalimia. Wiki tatu nzima nilishuka kichuguuni nikiwa mwepesi, na nikamtumia samaki wakavu kwa kila aliyekuwa anavuka kwenda mjini. Kambale wanene, si wale wa kuokoteza!

Jumanne moja ya wiki ya nne nikampigia kama kawaida. Akasema, nanukuu maneno yake kwa sababu sitayasahau mpaka kaburini, "Mama yako mzima kabisa, mwanangu. Leo tumekunywa naye uji hapa kibarazani, tumecheka mpaka basi."

Nikafurahi. Nikamsimulia mume wangu. Hata yeye akacheka.

Jumatano mchana mvua kubwa ikanyesha. Ndege hawakuwepo, nikapata nafasi ya kupanda kichuguu mapema, nimejifunika nailoni. Nilipiga tu bila sababu. Mama Skola akapokea, akaniambia huko mjini nako mvua imeanza tangu saa nne. Kisha akasema kwa kicheko, "Hata kanga ya mama yako inalowana tu pale kambani."

Nikaiondoa nailoni kichwani nisikie vizuri.

Ninyi hamumjui mama yangu. Mwanamke yule hakuwahi kuacha nguo inyeshewe hata siku moja! Akiwa na homa ataamka aanue. Akiwa kwenye maombi ataacha maombi aanue. Tulipokuwa wadogo alitutoa kwenye sahani za chakula kwa sababu wingu limetanda milima ya Udzungwa. Leo kanga yake ilowane tangu saa nne mpaka saa saba, naye yuko ndani anafanya nini?

Nilimuuliza Mama Skola kama amemwona kwa macho yake siku ile. Akababaika. Akasema kalala. Akasema anakwenda kumwangalia sasa hivi... Sikumsubiri amalize. Nilishuka pale nikianguka, nikakimbia mpaka njia kubwa bila hata kuvaa ndala. Baba mmoja mwenye pikipiki akanichukua. Tulivuka daraja mvua inatuchapa usoni, na mimi nyuma yake nasali kwa sauti kama mwehu.

Mlango wa mbele ulikuwa na komeo kwa ndani. Yule baba wa pikipiki aliupiga teke mara tatu ukang'oka.

Mama alikuwa kwenye korido, sakafuni, amelala ubavu. Tangu Jumatatu asubuhi! Alikuwa ameanika kanga yake kama nilivyomwagiza, akaingia, akafunga mlango wa uani, akateleza. Nyonga ikavunjika palepale. Siku mbili na nusu alikuwa amelala kwenye sakafu ya simenti, kwenye mkojo wake mwenyewe, midomo imepasuka. Kando yake palikuwa na ndoo. Alikuwa akiigonga ndoo ile kwa kiganja, na akiita, mpaka sauti ikaisha.

"Nimemwita sana mwenzangu," aliniambia kwa sauti ya kukwaruza. "Labda ameenda shamba."

Hapo hapo Mama Skola akapita kwenye upenyo wa ua, mikono kichwani, akipiga yowe. Nilisimama mlangoni nikamzuia.

"Uji mlikunywa wapi?" nilimuuliza.

Akajaribu kunipita aingie.

"Nakuuliza mama mdogo! Jana mlikunywa uji wapi na mama yangu?"

Akaanza kulia. Alisema magoti yake yalikuwa yanamuuma na mvua hizi. Alisema siku tatu hakuingia, lakini kila akichungulia aliona kanga, na mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia akiiona kanga ajue mama mzima. Alisema aliniambia habari ya uji ili nisipate wasiwasi huko porini.

Ndugu zangu, ningekuwa na mchi mkononi, leo ningekuwa naandika nikiwa gerezani. Nisipate wasiwasi! Mama yangu anakauka sakafuni, yeye ananitungia hadithi za kucheka kibarazani!

Mama alilazwa wiki nyingi, mguu umening'inizwa. Alipotoka, hakuwa yule tena. Alikuwa anatembea kwa chuma cha kuegemea chenye miguu minne, hatua kumi anapumzika. Nilihamia kwake moja kwa moja. Mume wangu alibaki kwetu, na aliponionya kuhusu hasira yangu nilimwambia kama hawezi kuchukia pamoja na mimi basi anyamaze.

Kwa sababu nilikuwa nimeshaamua. Yule mwanamke nitamlipa.

Sikutaka polisi wala mwenyekiti wa mtaa. Huko angepewa onyo, angeomba radhi, yakaisha. Mimi nilitaka yasiishe! Nilitaka ajue maana ya kuita na usiitikiwe.

Wakati huo nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, ile ya mtaa wa mama ambayo sikuihama hata nilipoolewa. Kila Jumamosi asubuhi tunasali kwenye nyumba ya mmoja wetu, kwa zamu. Anayeuguliwa tunamwendea, anayefiwa tunamzika. Kwetu sisi mtu asiye na jumuiya ni kama hana ukoo. Basi Jumamosi ya kwanza baada ya mama kutoka hospitali, sala ilipokwisha, nilisimama nikawasimulia. Nilieleza habari ya uji. Nilieleza ndoo. Wanawake walilia. Nilipoona wanalia, nikaongeza chumvi. Nikasema samaki wote niliowatuma alikuwa anakula yeye, mama hakuonja hata mmoja. Nikasema alisikia kabisa mama akiita, akaongeza sauti ya redio.

Uongo mtupu! Hata redio hakuwa nayo ya maana.

Na habari ya kanga? Kwamba mpango ule niliutunga mimi? Kwamba nilisema itazamwe ikianikwa, nikasahau kabisa kusema lazima ianuliwe jioni, na kwamba kanga ikilala kambani ni dalili mbaya kuliko kamba tupu? Hilo sikulisema. Hilo nilikuwa nalijua vizuri sana, linaniamsha usingizini, lakini sikulisema kwa mtu hata mmoja. Nilihitaji mwenye kosa awe mmoja tu, na asiwe mimi.

Mama Skola alikuwepo kwenye sala ile. Alisimama ajitetee, mama mmoja akamwambia akae chini. Akatoka peke yake. Nilimtazama akivuka barabara na magoti yake mabovu, na nasema ukweli mbele ya Mungu, nilisikia utamu.

Kuanzia siku ile nilimkalia kooni. Zamu ya kusali kwake ilipofika, niliiruka. Akija bombani, wenzake wanachukua ndoo zao wanasogea. Mpunga wake ulipoiva hakuna aliyekwenda kumsaidia kuvuna, nusu ukapukutika majini. Alipokuja kuleta sahani ya mhogo kwa mama, nilimwaga mhogo ule mbele yake, kuku wakala. Kisha nikachukua panga, nikakata matawi ya miiba, nikauziba ule upenyo wa ua. Nilishindilia mpaka mikono ikatoka damu.

Mama alikuwa ananitazama kutoka dirishani.

"Mwanangu, mimi nimeshamsamehe," alisema. "Wewe unamkomoa kwa niaba ya nani?"

Nilimjibu kwamba yeye alikuwa mgonjwa, hajui alichofanyiwa. Fikirini! Namwambia aliyelala sakafuni kwamba hajui!

Kila mara mama aliuliza habari za mwenzake. Alikuwa anakaa kwenye kiti chake pale dirishani, anatazama ile miiba, anasema, "Leo moshi wake umechelewa." Mimi nasonya.

Ikafika Agosti. Mpunga umeshaingia ndani, upepo wa kiangazi unavuma, mji umejaa vumbi. Alhamisi asubuhi mama akaniita.

"Nasikia mtu anagonga," alisema. "Kule kwa Mama Skola."

Nikatoka uani. Nikasikia. Ta... ta... ta... Kitu cha bati, kama mfuniko wa sufuria unagongwa kwa kijiko. Kinakoma, kinaanza tena. Nilisogea mpaka kwenye miiba yangu nikasimama. Kati ya matawi niliona mlango wake wa uani umefungwa, na jikoni hakuna moshi. Nikasikia na sauti, ndogo sana. Sikushika maneno.

Nilijua. Msinitafutie sababu, nilijua! Binadamu yeyote anajua sauti ile ni ya nini.

Nilisimama pale labda dakika tano. Moyoni nilikuwa nasema, gonga. Gonga tu. Mama yangu aligonga siku mbili na nusu, nani alisikia? Hata wewe jaribu uone. Nilitaka agonge mpaka kiganja kimuume kama kiganja cha mama yangu. Sikutaka afe... au nilitaka? Mpaka leo najiuliza, na jibu ninalopata linategemea nimeamkaje siku hiyo.

Nikarudi ndani. Mama akauliza ni nini.

"Anatwanga," nikasema.

"Anatwanga na kijiko?"

"Mama, macho hayaoni, sasa na masikio unataka yakudanganye?"

Nikamwekea uji, nikaenda mashineni kukoboa mpunga, nikakaa huko makusudi mpaka alasiri, napiga soga na watu.

Ijumaa mama aliuliza tena. Mgongo wa ile sauti ulikuwa umevunjika, unasikia mara moja, unakaa muda mrefu husikii. Nikamwambia Mama Skola amesafiri, kaenda Malinyi kwa binti yake, sauti ile ni bati la choo linapigwa na upepo. Mama alinitazama. Macho yake yana ukungu, lakini siku ile niliona kabisa ananiona.

Jumamosi asubuhi nikavaa sare yangu, nikaenda kusalisha jumuiya. Ndiyo, nilisalisha! Nilisoma somo kwa sauti nzuri. Nikaombea wagonjwa na wanaoishi peke yao... Midomo hii.

Niliporudi nikakuta watu wamejaa mlangoni kwa Mama Skola. Na katikati ya watu, juu ya kiti alichotolewa na majirani, alikuwa mama yangu, amelowa jasho, kanga imemdondoka mabegani, amekumbatia chuma chake.

Alikuwa ametoka peke yake. Mtu ambaye hatua kumi anapumzika, alishuka ngazi mbili, akazunguka nyumba kwa sababu njia ya mkato niliiziba mimi, akafika barabarani. Akamsimamisha muuza samaki wa baiskeli, akamwambia avunje mlango wa Mama Skola. Ingekuwa ameanguka barabarani? Ingekuwa nyonga ya pili imevunjika? Mimi niliyeapa kumlinda ndiye niliyemtoa nje!

Mama Skola alikutwa nyuma ya mlango wake wa uani. Homa ilimkamata Jumatano, nguvu zikamwisha akiwa anakwenda kufungua, akaanguka na komeo hakulifikia. Alikuwa bado anapumua. Mfuniko ulikuwa mkononi.

Watu waligawanyika. Wengine walikuwa wanalia, na wengine, wale niliowajaza mimi maneno, walikuwa wanatazama chini. Mama mmoja akaropoka kwamba alimsikia akigonga juzi, lakini aliogopa kuingia, akaona jumuiya itamtenga na yeye. Wote wakanigeukia. Sikuwa na pa kuweka uso.

Mama Skola alilazwa. Mama aliomba apelekwe kwa bajaji kumwona, na hakutaka niingie naye wodini. Nilikaa nje kwenye benchi. Walizungumza muda mrefu, wazee wawili. Siku ya tano Mama Skola akafariki.

Msibani nilipika. Nilibeba maji, nilichoma vidole, sikukaa chini hata mara moja. Skola, yule binti, alinishukuru, akidhani mimi ndiye niliyemwuguza mama yake. Hakuna aliyekuwa amemwambia! Shukrani ile ilinichoma kuliko tusi lolote. Nilitamani anipige.

Baada ya tanga kuvunjwa, asubuhi moja, kaka Damasi akaja na gari la kukodi kutoka Sanje. Sikuwa na habari. Nilimkuta anabeba godoro la mama. Mama amekaa kitandani, amevaa gauni lake la kanisani, kifurushi chake kiko magotini. Yule yule aliyeapa hatatoka kwenye nyumba ya baba mpaka abebwe kwenye jeneza!

Nikapiga magoti mbele yake. Nikauliza kwa nini. Nikasema nimefanya yote kwa ajili yake.

Hapo ndipo aliponieleza alichoambiwa wodini. Mama Skola alimwambia hivi: Alhamisi ile, akiwa chini nyuma ya mlango, aliona kwenye ufa wa mbao gauni langu la bluu karibu na ua. Alinitambua. Akamwambia mama, "Nilipomwona Mama Deo nikajua nimepona. Nikasema moyoni, hata kama ana hasira na mimi, huyu nimemlea."

Nilijifunika uso. Mama akaendelea kusema, bila ukali hata kidogo. Afadhali angekuwa mkali.

"Mwenzangu alikosa kwa uvivu, na akadanganya kwa aibu. Wewe ulisikia, ukaja, ukasimama, ukarudi. Mimi ni mzee, Anjela. Nitakojoa kitandani. Nitakuudhi. Siku nikikuudhi halafu nikaanguka, nitajuaje kama utanifungulia?"

Aliniita jina langu la ubatizo. Tangu nizae hajawahi.

Damasi akambeba mikononi kama mtoto, akamweka kwenye gari. Nilishika mlango wa gari. Mama akavitoa vidole vyangu, kimoja kimoja.

Ni mwaka wa pili sasa. Yuko Sanje kwa kaka, anaota jua, anaogeshwa na wifi. Naruhusiwa kwenda kumwona, na huwa nakwenda. Nikimpa chai anainywa. Lakini nikitaka kumshika mkono kumpeleka chooni, anasema, "Muite wifi yako." Hajawahi kulala chumba kimoja na mimi tena. Mama yangu ananiogopa! Niliyempigania mpaka mikono ikatoka damu, ananiogopa mimi.

Uenyekiti niliuacha. Nilisimama mbele ya jumuiya nikasema yote, ya redio, ya samaki, ya kanga, ya Alhamisi. Wengine wamenisamehe, wengine wakiniona bombani wanasogeza ndoo. Nawaelewa.

Je, Mama Skola nimemsamehe? Bado mnataka niseme ukweli? Kuna siku nikikumbuka "tumecheka mpaka basi" damu inachemka upya, namsuta kana kwamba yuko mbele yangu. Halafu nakumbuka ule mfuniko, nanyamaza katikati ya neno.

Ninyi wenye wazee wanaoishi peke yao, hasa wakulima wenzangu mnaohama msimu wa ndege, nawasihi. Msitegemee alama wala simu ya jirani. Kanga haiongei. Mtu aingie ndani, amguse mzee mkono, amwone akimeza, asubuhi na jioni, na wawe wawili wanaopokezana ili mmoja akichoka mwingine ajue. Milango ya wazee isiwe na komeo lisilofunguka kwa nje. Na kama hamna wa kumwachia, waachieni ndege huo mpunga.

Na wewe mwenye kisasi, nina neno na wewe, maana nakujua, nimekuwa wewe. Sikwambii usikasirike. Mkasirikie, mseme, mshtaki, mpitie bila salamu mwaka mzima ukitaka. Lakini ukisikia anagonga, nenda ukafungue. Ugomvi wenu utaukuta palepale ulipouacha.